Kuuzunguka Mlima Kenya kwa Baisikeli: Mazoezi ya Mtu Mwenye Kazi

Watu wa Nyeri wakimwona mtu mzima akipita barabarani juu ya baisikeli, naye hakubeba mtungi wa maziwa wala gunia la kabichi, huulizana kama mtu huyo ana kazi. Swali hilo si la ajabu. Kwa miaka mingi baisikeli katika nchi ya mlimani ilikuwa chombo cha kazi: ilipeleka maziwa kituoni, ilimchukua mwalimu shuleni, ilileta mkate na mafuta ya taa dukani. Kisha katika miaka ya 2000 pikipiki zikaja kwa wingi, baada ya serikali kupunguza kodi yake, na baisikeli nyingi nzito zikatundikwa ghalani. Siku hizi aonekanaye akikanyaga baisikeli hudhaniwa ama ni maskini, ama ni mtu wa mchezo.

Hata hivyo wako makarani, walimu, wauguzi na wakulima kati yetu ambao wangependa kwenda mbali kwa nguvu za miguu yao wenyewe: si zile kilomita 5 za kwenda sokoni, bali 100, au 200, hata kuuzunguka mlima wote na kurudi nyumbani. Wengi huliacha wazo hilo kabla ya kulijaribu, wakisema, "Nitapata wapi nafasi?" Makala haya yataka kuonyesha ya kuwa nafasi ipo, ijapokuwa ni nyembamba, na ya kuwa ashindwaye mara nyingi si yule mwenye saa chache, bali ni yule asiyejua saa zake zinakwenda wapi.

Kwanza tuitazame njia yenyewe, maana kazi hupimwa kabla ya kuanzwa. Mtu akitoka Nyeri hupita Kiganjo na Naro Moru na kufika Nanyuki, mwendo wa yapata kilomita 60. Karibu na mji huo huivuka Ikweta. Toka Nanyuki barabara hupanda kwenda Timau, katika nchi ya ngano na ya upepo, kisha hushuka kwa nguvu mpaka Meru. Baada ya Meru, kabla ya kwenda mbali, huivuka Ikweta mara ya pili, ndipo aelekee Nkubu, Chogoria, Chuka na Embu. Hapo ndipo wageni hudanganyika. Kwa kuwa Embu iko chini kuliko Meru, mtu hudhani ya kuwa atateremka tu. Kumbe mito itokayo mlimani, kama Mutonga, Nithi na Thuci, imeikata nchi hiyo kwa mabonde, na kila bonde humshusha mtu na kumpandisha tena, mpaka mapaja yakaanza kuuliza ni nani aliyeshauri safari hii. Toka Embu, kwa njia ya Kutus na Kerugoya, atafika Karatina, na toka Karatina hadi Nyeri ni kilomita zipatazo 25. Mzunguko wote wapita kilomita 300.

Je, masafa hayo si ya watu wa mashindano peke yao? Wasomaji watakumbuka ya kuwa mnamo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza kabisa katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267 juu ya vilima vya mji ule, naye Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Katika kundi lote lililoanza, watu 30 tu ndio waliomaliza. Mtu akisikia hayo aweza kukata tamaa. Lakini wale walikuwa wakishindana kwa kasi, na kasi ni jambo moja, masafa ni jambo lingine.

Huko Ufaransa yako mashindano ambayo kwa kweli si mashindano, yaitwayo Paris–Brest–Paris. Yalianza mwaka 1891, na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne. Njia yake ni kilomita 1,200, na mwendeshaji hupewa saa 90 za kuimaliza. Hakuna fedha anayopewa wa kwanza. Waendao ni maelfu ya watu wa kawaida: walimu, mafundi, makarani, wazee waliokwisha kustaafu. Ili mtu akubaliwe, hana budi kwanza kumaliza safari fupi kwa muda uliowekwa: kilomita 200 kwa saa 13 na nusu, kilomita 300 kwa saa 20, na kuendelea hivyo. Msomaji akigawanya ataona ya kuwa kilomita 300 kwa saa 20 ni mwendo wa kilomita 15 kwa saa, pamoja na muda wa kula na kuziba tairi. Huo si mwendo wa shujaa. Ni mwendo wa mtu aliyejizoeza kutosimama bure.

Tena twaweza kujifunza kwa mtu wa hapa hapa, ijapokuwa yeye alikuwa wa mbio za miguu. Catherine Ndereba ni mzaliwa wa Nyeri. Alishinda marathoni ya Boston mara nne, mwaka 2000, 2001, 2004 na 2005, na mara mbili akawa bingwa wa dunia, mwaka 2003 na 2007. Wakati huo alikuwa mama mwenye mtoto, na alikuwa mtumishi wa Idara ya Magereza. Kipawa kama chake hapewi kila mtu. Lakini cheo cha mama na kazi ya serikali hakikumzuia kujizoeza.

Sasa tuzihesabu saa. Juma lina saa 168. Usingizi wa saa 8 kila usiku huchukua 56. Ofisi ya siku tano, pamoja na chakula cha mchana na mwendo wa kwenda na kurudi, huchukua kama 55. Zimebaki 57. Katika hizo mna chakula, mna ng'ombe, mna watoto na vitabu vyao vya shule, mna ibada, mna mkutano wa chama cha akiba, mna matanga, na wala haipiti miezi miwili bila harusi. Mtu akizikusanya hizo zote kwa uaminifu, ataona ya kuwa saa 8 hivi zaweza kupatikana bila kumwibia mtu yeyote. Asipoziona, basi na atazame simu yake jioni moja, aandike ameishika kwa muda gani. Wengi watakuta saa zao huko.

Saa 8 kwa juma zatosha. Mtu asidanganywe na wale wasemao ya kuwa hapana safari ndefu bila saa 20 za mazoezi. Saa 20 ni za mtu alipwaye kwa kazi hiyo. Lakini saa 8 hazisamehe upuuzi. Hapana budi kila moja iwe na kazi yake.

Hapa petu pana shida moja ambayo vitabu vya Ulaya haviielezi. London, mwezi wa Juni, jua huzama baada ya saa 3 usiku. Karani wa huko atoka ofisini, ala chakula, na bado ana saa mbili za mwangaza. Sisi tunaoishi juu ya mstari wa Ikweta hatuna Juni ya namna hiyo. Mwaka mzima jua hutoka baada ya saa 12 asubuhi, na jioni likizama baada ya saa 12 giza huingia upesi. Atokaye kazini saa 11 ana saa moja na robo ya mwangaza, wala hana zaidi. Basi mazoezi ya siku za kazi hapana budi yawe mafupi, na yaliyo marefu yangoje mwisho wa juma. Mtu asijaribu kuyanyosha mafupi kwa kuingia gizani. Jambo hilo tutalirudia.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kuifanya safari ya kazini kuwa mazoezi. Tuseme yuko karani afanyaye kazi Nyeri mjini, naye analala Mweiga, mwendo wa kilomita zipatazo 20. Kwa matatu, pamoja na kungoja ijae, safari yaweza kumchukua dakika 40 au zaidi. Kwa baisikeli itamchukua saa moja, au zaidi kidogo mwanzoni. Basi asubuhi amepoteza dakika 20 tu za maisha yake, naye amepata saa nzima ya mazoezi na nauli imebaki mfukoni. Si lazima aende kila siku. Mara mbili kwa juma yatosha kwa kuanza. Jumatatu apeleke nguo safi na viatu ofisini kwa matatu, azitumie siku nyingine. Taulo ndogo na beseni la maji vyatosha kumwondolea jasho, wala mkubwa wake wa kazi hatakuwa na neno.

Wapo wasioweza hivyo, kwa kuwa walala karibu mno na kazi, au barabara yao ni mbaya. Hao watumie ile saa ya jioni, siku mbili kwa juma, tena waitumie kwa ukali. Nchi yetu imetupa vilima bure. Toka Nyeri kuelekea Ihururu na msitu wa Nyandarua barabara hupanda. Othaya na Mukurwe-ini pote ni vilima. Baada ya dakika 15 za kukanyaga polepole ili miguu ipate joto, mtu apande kilima kwa nguvu muda wa dakika 4, mpaka asiweze kusema zaidi ya maneno matatu kwa pumzi moja. Kisha ateremke taratibu dakika 3, apande tena. Akifanya hivyo mara nne, akarudi nyumbani polepole, ametumia saa moja kamili, na moyo wake umefanya kazi ambayo haingefanyika hata kwa saa mbili za kujivuta barabarani.

Lakini ukali huo uwe mara mbili kwa juma, wala usizidi. Hili ndilo kosa la watu wengi wenye shughuli. Kwa kuwa ana muda mfupi, mtu huona kila mara atokapo ni lazima arudi ametota jasho, la sivyo amepoteza nafasi. Baada ya majuma matatu hulala vibaya, huwakaripia watoto, na miguu huwa mizito hata kwenye tambarare. Waalimu wa mchezo huu waliochunguza mazoezi ya mabingwa wameona ya kuwa sehemu kubwa sana ya safari zao huenda polepole. Kwa kadiri, katika safari kumi, nane ni za taratibu. Mwendo wa taratibu maana yake ni kwamba mwendeshaji aweza kumsimulia mwenzake habari ya shamba, sentensi nzima nzima, bila kuhema. Mwendo huo ndio ufungulio misuli mishipa midogo ya damu na kuizoeza kuchoma mafuta ya mwilini badala ya kumaliza sukari upesi. Safari ya kilomita 300 yategemea jambo hilo kuliko nguvu za mapaja.

Mkulima hesabu yake ni nyingine. Karani akitoka ofisini mwili wake umepumzika, hata kama kichwa kimechoka. Mkulima aliyekama ng'ombe saa 11 alfajiri, akachuma chai au akapalilia kutwa, mwili wake umekwisha kufanya kazi. Huyo asijiongezee vilima vya jioni kana kwamba alikuwa amekaa kitini. Yamfaa safari za taratibu, na zaidi asubuhi: maziwa yapelekwe kituoni kwanza, yasije yakaharibika kwa ajili ya mchezo, na baada ya kuyaweka mizani arudi nyumbani kwa njia ndefu. Akitoka kwa kilomita 4 na kurudi kwa kilomita 14, hiyo ni saa moja ya mazoezi ambayo haikuandikwa popote. Katika miezi ya mavuno makubwa ya kahawa, kati ya Oktoba na Desemba, apunguze, au aache kabisa isipokuwa mara moja kwa juma. Kahawa iliyoiva haimngoji mtu, na miguu iliyozoea haisahau kazi yake kwa majuma machache.

Sasa twaja kwenye safari ndefu ya mwisho wa juma, na hapo neno la kwanza si baisikeli, ni nyumba. Mtu akiondoka Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi akarudi saa 6 mchana, kuna mwingine aliyechota maji yake, aliyewapikia watoto, aliyemngoja daktari wa mifugo. Mwenye kujizoeza kwa siri, au kwa amri, atavunja kitu kilicho bora kuliko anachokitafuta. Hapana budi akae na mkewe, au mke na mumewe, waseme mapema: Jumamosi mbili za mwezi ni za baisikeli, na mbili ni za yule mwingine, iwe ni kwa mkutano wa kina mama, au biashara, au kumtembelea mzazi. Na zile Jumamosi zake, mwenye baisikeli abaki kweli nyumbani, apike na afue. Twasema hivi kwa sababu twaona ya kuwa wanawake waendeshao safari ndefu katika miji yetu ni wachache mno, wala si kwa uhaba wa nguvu. Mwanamke atokaye kazini hurudi kwenye kazi nyingine. Mume asemaye, "Na yeye aende akitaka," bila kushika sufuria, hajasema neno.

Safari ndefu mara mbili kwa mwezi yatosha, na Jumapili ya majuma mengine mtu aweza kwenda saa moja na nusu baada ya ibada. Aanze na saa 3. Baada ya majuma mawili, saa 3 na nusu. Kisha 4, kisha 5. Kila juma la nne apunguze mazoezi yote kwa nusu, maana mwili haujengwi wakati wa kukanyaga, hujengwa wakati wa kulala na kula baada yake. Si lazima kamwe azoee kilomita 300 kabla ya siku yenyewe. Akiweza kufika Nanyuki na kurudi, kilomita 120, kisha baadaye akaenda 160 au 180 kwa siku moja, na kesho yake akaamka akaenda kazini bila kuchechemea, huyo yu tayari.

Usingizi usiguswe. Wako wanaoamka saa 9 usiku ili wajizoeze kabla ya kazi, na huko wamelala saa 5. Watu hao husifiwa bure. Mtu akosaye usingizi hupata mafua kila mara, hufanya makosa katika hesabu za ofisi, na barabarani macho yake huchelewa kuona lori. Akilala saa 3 usiku, aweza kuamka saa 10 na nusu. Asipoweza kulala saa 3, basi asiamke.

Kuhusu chakula, watu wa mlimani hawana haja ya kununua vitu vya pakiti vitokavyo ng'ambo. Mwendeshaji huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa baada ya saa ya kwanza. Ndizi mbivu ya kadiri ina yapata gramu 25. Basi ndizi mbili kwa saa, au ndizi na kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, zamtosha. Nduma nazo ni nzuri. Githeri ni chakula kizuri cha jioni iliyotangulia na cha baada ya safari, lakini mahindi na maharagwe juu ya kiti cha baisikeli humsumbua mtu tumboni. Jambo kubwa ni kula kabla ya njaa. Akianza kuona mikono inatetemeka na moyo umekuwa mzito bila sababu, amechelewa, naye ashuke ale na kupumzika. Maji ni kama nusu lita kwa saa, zaidi kidogo penye jua kali, na anywe kwa kiu yake.

Nyeri iko yapata mita 1,750 juu ya bahari, na Timau ni juu zaidi. Kwa kimo cha Nyeri nguvu ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, na oksijeni apatayo mtu kwa pumzi moja hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Mwenyeji amekwisha zoea. Mgeni atokaye pwani ajipe majuma mawili. Mtu aliyepita miaka 40, au mwenye ugonjwa wa moyo, wa presha au wa sukari, aonane na daktari kwanza. Haya hayahitaji maneno mengi.

Yahitajiyo maneno ni barabara. Hapa hatuwezi kusema kwa upole. Katika barabara zetu kuu malori, mabasi na matatu hupita karibu sana na mwendeshaji wa baisikeli, na kando ya lami mara nyingi hapana nafasi. Barabara ya kutoka Kenol kwa njia ya Sagana hadi Marua ilianza kupanuliwa katika miaka hii ya 2020, na barabara pana ina magari ya kasi zaidi. Basi mazoezi yafanywe kwenye barabara ndogo kila iwezekanapo. Asiwepo mtu barabarani gizani bila taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma, na koti au mkanda ung'aao mwangani. Kofia ngumu isiachwe nyumbani hata kwa safari ya kwenda dukani. Na wakati wa ukungu wa gathano, mwezi wa Julai na Agosti, hata saa 2 asubuhi taa ziwashwe.

Mteremko ni hatari kuliko mpando, ijapokuwa mpando ndio watu wauogopao. Mnamo Julai 2022 basi lilitumbuka kutoka daraja la Nithi, katika barabara ya Meru na Chuka, watu zaidi ya 30 wakafa. Si ajali ya kwanza mahali hapo. Mteremko wa Nithi ni mrefu, una kona, na gari lililopoteza breki nyuma ya baisikeli halina pa kwenda. Mwendeshaji afikapo hapo apunguze mwendo mapema, asimame kando na kuyaacha magari yapite, na akitaka ashuke atembee kwa miguu. Hakuna atakayemcheka ambaye yafaa kumsikiliza. Hata waliobobea huangamia. Suleiman Kangangi, nahodha wa Timu Amani na mmoja wa waendeshaji bora wa Kenya, aliyekuwa wa tatu katika mzunguko wa Rwanda mwaka 2017, alianguka kwa kasi katika mashindano huko Vermont, Marekani, tarehe 27 Agosti 2022, akafa. Alikuwa na miaka 33, na aliacha familia na vijana wengi aliokuwa akiwafundisha.

Kwa chombo chenyewe, baisikeli ile nyeusi ya zamani ina kilo zaidi ya 20 na haina gia. Yafaa kwa kazi na hata kwa mazoezi ya tambarare, lakini mabonde ya Chuka yatamshinda mwenyewe. Baisikeli ya mtumba yenye gia, iliyokaguliwa na fundi mwaminifu, yatosha. Fundi atazame kwanza raba za breki na waya zake, kisha mnyororo. Kiti kiwekwe kwa kimo hiki: mtu akikaa na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Magoti mengi yameumia kwa kiti kilichoshushwa mno. Mfukoni kuwe na tyubu mbili, viraka, gundi na pampu, na kabla ya siku ya safari mtu awe amejizoeza kubadilisha tyubu mwenyewe, maana kati ya Timau na Meru fundi hapatikani kila kona.

Yabaki kuchagua majira. Mvua ya njahi hunyesha kati ya Machi na Mei, na ya mwere kati ya Oktoba na Desemba. Karani aanze mwezi wa Oktoba, avumilie mvua ya mwere kwa safari fupi, na aufanye mzunguko wake Februari, wakati barabara ni kavu. Mkulima wa kahawa aanze Juni, apite katika baridi ya gathano, na aende Septemba, kabla ya mavuno makubwa. Mara ya kwanza wasijaribu kumaliza kwa siku moja. Wagawanye njia kwa siku mbili na walale Chuka. Waondoke Nyeri kungali na baridi, wafike Nanyuki kabla ya upepo wa mchana, wale chakula kizito Meru, na waifikie Nithi mwangaza ungalipo. Siku ya pili ni fupi kwa kilomita, lakini toka Embu hadi Karatina yahitaji miguu iliyobakizwa, nayo hubakizwa siku ya kwanza, pale Timau, wakati mtu ajionapo ana nguvu nyingi na wenzake wanataka kushindana.